Kuzaliwa mara ya pili au kufanywa wana: uanze na picha ipi darasani?

Kwa mwalimu wa darasa la ubatizo hapa Goma swali huja mapema, kabla hata ya somo la tatu. Tunapowaambia wanafunzi kwamba wao ni watoto wa Mungu, tunamaanisha watoto wa namna gani? Katika nyumba moja ya mitaa yetu ya Katindo au Majengo unaweza kukuta watoto wanane, na hawakuingia wote kwa mlango mmoja. Yupo aliyezaliwa na mama mwenye nyumba, yupo wa marehemu dada yake, yupo aliyeletwa kutoka Masisi vita vilipochacha, akabaki. Wote wanakula bugali sahani moja na wote wanatumwa maji. Ukisema "mtoto wa Mungu" mbele yao, kila mmoja analisikia neno hilo kulingana na alivyofika pale nyumbani.

Biblia ina picha mbili kubwa za jambo hili. Yohana anasema tumezaliwa na Mungu. Paulo anasema tumefanywa wana. Nimefundisha kwa zote mbili, na nimeona kwamba mwanafunzi anayefunguka kwa moja anaweza kujifunga kwa nyingine. Naziweka hapa bega kwa bega ili wewe, mwalimu mwenzangu unayeandaa somo, uamue uanze na ipi kwa watu ulio nao.

Ipo na ya tatu, ile tunayoisikia kwenye matanga na mikutano ya amani: sisi sote ni watoto wa Mungu. Nayo ina mzizi wake. Kule Athene Paulo alikubali maneno ya washairi wa Kiyunani, "Sisi sote tu wazao wake" (Matendo 17:28). Mji kama wetu unalihitaji neno hilo na mimi nalisema bila kusita, kwa sababu linampa kila kabila lililoko kati ya Birere na Sake thamani ileile. Lakini linahusu kuumbwa. Juu ya kuingia nyumbani mwa Baba na kukaa kama mwenyeji halisemi kitu, na darasa la ubatizo linaanzia hapo.

Paulo: neno la tribinali

Neno la Paulo kwa Kiyunani ni huiothesia, maana yake kuwekwa kuwa mwana. Analitumia mara 5 tu: Warumi 8:15, 8:23 na 9:4, Wagalatia 4:5, na Waefeso 1:5. Mwandishi mwingine wa Agano Jipya hana neno hilo. Lilikuwa neno la sheria, la tribinali, yaani mahakama, na waliopokea barua zake walijua linavyofanya kazi.

Fikiria Wakristo wa Roma walioisoma barua yake, karibu mwaka 57. Aliyekuwa kwenye kiti cha ufalme wakati huo ni Nero. Alikuwa amefanywa mwana na Kaisari Klaudio mwaka 50, ingawa Klaudio alikuwa na mwana wake wa kuzaa, Britannicus. Kaisari Augusto naye alikuwa mwana wa kufanywa, kwa wosia wa Julius Caesar uliofunguliwa mwaka 44 kabla ya Kristo. Kwa hiyo mtumwa aliyekuwa akisikiliza barua ile nyumbani kwa mtu hakuhitaji maelezo marefu. Alijua kwamba mtu akifanywa mwana anapata jina jipya na baba mpya, na kwamba siku ya urithi hasimami nyuma ya aliyezaliwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunahubiri "kufanywa wana" kana kwamba Paulo alisema "kulelewa". Nimesikia mara nyingi mimbarani: sisi ni watoto wa kulea wa Mungu. Mhubiri anakusudia kuonyesha huruma ya Mungu, lakini mtoto wa kulea aliyeketi benchi la nyuma anasikia jambo jingine. Nalijua kwa sababu benchi hilo nililikalia.

Nililelewa kwa mjomba. Nilifika kwake nikiwa na miaka 7. Alikuwa mtu mwema, minervale yangu, yaani karo ya shule, ililipwa siku moja na ya wanawe, na kwenye sikukuu nilipata kiatu kama wao. Hata hivyo kila asubuhi niliamka wa kwanza kufagia uwanja. Uwanja wetu ulikuwa changarawe nyeusi ya volkano, ufagio unakwaruza kama unafagia makaa. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu pasiwe na sababu ya kunirudisha. Na kuna jambo ambalo sikumwambia mtu hadi nilipokuwa mkubwa: mjomba sikuwahi kumwita. Wanawe walimwita Papa. Nikimwita Papa ningejipendekeza, nikimwita Mjomba mbele ya wageni ningejitenga na wenzangu. Kwa hiyo nilikuwa nasimama karibu na kiti chake mpaka anitazame, ndipo niseme nilichotumwa kusema.

Nilipoanza kujisomea Biblia nilifika Warumi 8:15: "Kwa kuwa hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Sehemu ya kwanza niliitambua mara moja, maana roho hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha alfajiri na kunipa ufagio. Sehemu ya pili niliipita. Niliendelea kumwomba Mungu jinsi nilivyokuwa nikisimama kando ya kile kiti.

Miaka ikapita, mjomba akafariki. Baada ya matanga familia ilikaa, na likidateri, yaani yule aliyechaguliwa kusimamia urithi, akasoma majina ya warithi. Langu halikuwemo, na halikupaswa kuwemo. Hakuna aliyenidhulumu. Mjomba alinilea, hakunifanya mwanawe, na mambo hayo mawili si mamoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha chai mkononi, na mstari ukanijia wenyewe: "wewe si mtumwa tena bali u mwana, na kama u mwana, basi, u mrithi kwa Mungu" (Wagalatia 4:7). Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba Paulo alikuwa akisema habari ya orodha ile. Jina langu limo. Na sikuandikwa kwa sababu ya kufagia.

Ukitaka kuwaonyesha vijana tofauti hii kwa mambo ya kwetu, sheria ya nchi inakusaidia. Waswahili wa pwani husema kuasili mtoto, sisi tunasema adopsio kwa kuwa ndivyo tribinali inavyosema. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka katika daraja moja la kwanza la warithi watoto waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje na baba akawatambua, na wale wa adopsio. Mpwa aliyelelewa hayumo katika daraja hilo, hata awe amelelewa miaka 20. Kulea ni wema wa moyo. Adopsio ni hukumu iliyoandikwa, na ikishaandikwa haiulizi tena kama mtoto ameamka mapema.

Kiswahili nacho kinatuokoa mahali ambapo lugha nyingine zinabishana. Neno la Paulo lina mwana wa kiume ndani yake, maana kwa desturi ya wakati ule huyo ndiye aliyebeba jina la nyumba. Sisi tukisema "mwana" tunaweza kumaanisha binti pia. Nilipofundisha Wagalatia 3:26, "ninyi nyote mmekuwa wana wa Mungu kwa njia ya imani katika Kristo Yesu", msichana mmoja ambaye familia yake ina shamba kijijini aliuliza, "Mwalimu, hata mimi?" Ndugu zake wa kiume walikuwa wameshaonyeshwa mipaka ya vipande vyao, yeye hakuitwa. Nilimjibu ndiyo, nikamwomba asome Warumi 8:17 kwa sauti: "na kama tu watoto, basi, tu warithi, warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo." Alisoma polepole sana. Somo la siku ile liliishia hapo, sikuongeza kitu.

Yohana: damu na kufanana

Picha ya Yohana haina tribinali. Ina leba. Kwa Nikodemo Yesu anasema habari ya kuzaliwa mara ya pili (Yohana 3), na waraka wa kwanza wa Yohana unarudi hapo tena na tena. Hata maneno ya Kiyunani anayachagua kwa uangalifu: kwa waamini anatumia tekna, watoto waliozaliwa, na lile neno la "mwana" analimwachia Yesu peke yake.

Nguvu ya picha hii ni uhai. Hukumu inaweza kukupa jina la baba, lakini haiwezi kukupa pua yake. Mtoto wa kuzaliwa anaanza kufanana na baba yake hata bila kujua: anavyotembea, anavyocheka, anavyokunja mikono. Yohana anadai kufanana huko. Aliyezaliwa na Mungu anapenda ndugu yake, na asiyempenda ndugu yake hana la kujisifia. Kama darasani una vijana waliokulia kanisani, wanaozijua nyimbo zote na wanaoona ubatizo kama kuchukua karte tu, waanzishie kwa Yohana. Wao wana haki zote mdomoni. Wanachopungukiwa ni kufanana.

Udhaifu wake naona ni wa aina mbili. Kwanza, kwenye vyumba vingi vya maombi mjini picha hii imegeuzwa kuwa kisu. Kijana anaambiwa kwamba kwa kuwa amezaliwa upya hana tena ukoo, mama yake amebeba laana, bibi yake asisalimiwe. Sijaona Yohana akifundisha hivyo. Yesu akiwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Hata Paulo, ambaye picha yake ndiyo ingeweza kukata undugu wa kwanza kwa kuwa sheria ya Kirumi ilimhamisha mtu kwenye mamlaka ya baba mwingine, anawaita Waisraeli "ndugu zangu, jamaa zangu kwa jinsi ya mwili". Sheria yetu ya Kongo iko karibu zaidi na moyo huo: mtoto wa adopsio anapata baba mpya na bado anabaki na uhusiano na familia alikotoka. Nawaambia wanafunzi waziwazi kwamba kumwita Mungu Baba hakumfukuzi mama yao.

Pili, kuzaliwa si neno tamu kwa kila mtu. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kwa watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji wa vita, nao hapa Kivu ni wengi, ni afadhali nimkimbilie Paulo na kuliacha neno "kuzaliwa" kabisa. Mtoto wa namna hiyo amesikia mambo mengi juu ya kuzaliwa kwake, nyumbani na shuleni, na jina analoitwa akikosea huwa halisahauliki. Sheria yetu inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba. Ni sentensi ninayoiheshimu sana. Lakini kijana anayejaza fishi ya shule na kuacha mstari wa jina la baba mtupu anajua kwamba haijamfikia.

Nilikosea kuwafichia Yohana. Kijana mmoja wa namna hiyo alisoma Yohana 1:12–13 peke yake, akaja kuniuliza kama nilikuwa nimeona maneno haya: "waliozaliwa, si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu." Alikuwa ameweka kidole juu ya "mapenzi ya mtu". Nilikuwa nimeupita mstari ule mara mia, na sikuwahi kuona kwamba umeandikwa kwa ajili yake. Yohana hamwambii asahau kuzaliwa kwake. Anampa kuzaliwa kwingine, ambako hakuna mtu aliyemlazimisha mwingine. Tangu hapo, kwa vijana wa namna hiyo naanza na Yohana 1, wala sianzi na Yohana 3, ambapo somo huelekea haraka kwenye maji na Roho.

Mambo mawili ya kutazama kabla hujachagua

La kwanza ni lini. Darasa letu lina watu wa nyumba mchanganyiko, baba Mkatoliki na mama wa CBCA au CEPAC, makanisa ya Kiprotestanti ya hapa, na watauliza. Kanisa Katoliki linafundisha, na Katekisimu yake ya 1992 inasema wazi, kwamba ubatizo ndio unaomfanya mtu kuwa mwana wa Mungu wa kufanywa. Waprotestanti wengi wanasema ni kwa imani, na ubatizo unalitangaza. Ungamo la Westminster la 1646 lililipa jambo hili sura yake yenyewe, ya 12, mara baada ya kuhesabiwa haki, ili isidhaniwe kwamba Mungu akishasamehe anamwacha mtu nje ya mlango. Fundisha la kanisa lako kwa uaminifu, na la jirani lieleze bila kulipinda.

La pili linahitaji muda zaidi, nalo lipo kwa Paulo. Katika Warumi 8:15 tumeshapokea roho ya kufanywa wana. Mistari 8 baadaye, kwenye 8:23, bado tunaugua tukitazamia "kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu". Mwanafunzi makini atakukamata hapo: tumeshafanywa au bado?

Mimi nawapa mfano wa nchi yetu. Septemba 2013 serikali ya Kinshasa ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto waliochukuliwa kwa adopsio na wazazi wa nje, kwa hofu ya udanganyifu na biashara ya watoto. Walikuwepo watoto ambao hukumu zao zilikuwa zimeshatoka. Kwa sheria walikuwa tayari na baba na mama, na jina. Lakini walibaki hapa, wengine zaidi ya miaka 2, wazazi wao wakiwaona kwenye picha. Ukimwuliza mtoto kama huyo "wewe ni mtoto wa nani?", jibu lilikuwepo. Ukimwuliza "mbona hauko kwao?", hilo nalo lilikuwa swali la kweli. Hukumu haikuwa ya uongo kwa sababu ya kuchelewa kwa safari.

Goma inauelewa mstari wa 23 kuliko miji mingi. Watu waliolala kwenye mahema ya Bulengo na Kanyaruchinya, waliofunga virago mara tatu kwa mwaka mmoja, hawana haja ya kuambiwa kuugua ni nini. Kwa hiyo usimhubirie mtu wa namna hiyo uwana ambao umekwisha kukamilika, ambapo mtoto wa Mungu hapaswi kukosa parsele, yaani kiwanja, wala kuugua malaria. Yohana naye anakataa: "sasa tu wana wa Mungu, wala haijadhihirika bado tutakavyokuwa" (1 Yohana 3:2; "wana" hapo kwa Kiyunani ni tekna).

Basi uanze na ipi?

Ukiwa na watoto waliolelewa na watu, ambao ni wengi katika darasa lolote la mji huu, anza na Paulo, lakini siku ya kwanza kabisa tenganisha kulea na kufanya mwana. Usipofanya hivyo utakuwa umewaongezea nyumba nyingine ya kufagia. Wasichana wasiohesabiwa kwenye shamba nao ni wa Paulo. Hali kadhalika watu wazima wanaosali kwa woga, wale ambao kila ugonjwa wanauona ni Mungu anatafuta sababu ya kuwarudisha walikotoka.

Waliozaliwa kwa aibu ya watu wengine, wape Yohana 1 na muwe faragha, usiwasomeshe mbele ya darasa. Waliokulia kanisani wape waraka wa kwanza wa Yohana, hasa sura ya 3. Ukiwa na mchanganyiko na huna muda, mimi naanza na Paulo majuma matatu, kisha Yohana mawili, kwa sababu nimeona kwamba mtu mwenye hofu ya kufukuzwa hawezi kusikiliza habari ya kufanana. Anageuza kufanana kuwa kazi nyingine ya kumfanya asirudishwe. Akishajua kwamba jina lake limeandikwa, anaweza kuambiwa hata makosa yake.

Juu ya Aba, tahadhari ndogo. Wengi tunahubiri kwamba ni neno la mtoto mchanga tu. Si kweli, watu wazima nao waliwaita baba zao hivyo, na Yesu alilitamka Gethsemane usiku wa uchungu wake (Marko 14:36). Hii inawafaa wanafunzi wakubwa, wanaoona haya kuomba kama watoto wadogo. Kitenzi cha Paulo pale ni kulia, kupaza sauti. Wape nafasi wamwite kwa lugha wanayotumia nyumbani. Kwenye darasa langu wengine wanasema Papa, wengine Baba, wengine Tata, na yupo ambaye kwa miezi miwili amenyamaza kila tunapofika neno lile. Simharakishi.

Jumapili hii tunasoma Wagalatia 4:1–7. Nimewaomba kila mmoja aandike kwenye karatasi majina yake yote matatu kama yanavyoandikwa kwenye hati za Kongo, jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza), tuyaweke mahali palipoandikwa "wewe" katika mstari wa 7 na asome mwenyewe. Wawili wameniambia kwamba itabidi kwanza waulize nyumbani postnomu yao inaandikwaje.